Jua la Itaka, makaa ya Ileje na hesabu ya hewa ya ukaa

Na Mwandishi Wetu, Songwe

MKOA wa Songwe una hazina mbili za nishati ambazo taifa haliwezi kuzitumia zote kwa pamoja bila kuingia gharama. Ya kwanza imelala chini ya ardhi wilayani Ileje, ambako makaa ya mawe ya Kiwira na Kabulo yamekuwa yakichimbwa kwa vipindi tofauti tangu miaka ya 1980. Ya pili ipo juu ya vichwa vya watu. Katika Kata ya Itaka, Wilaya ya Mbozi, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Nyanda za Juu Kusini, mvua hukatika kati ya Aprili na Mei, na tangu hapo hadi Oktoba jua huwaka karibu kila siku. Tena huwaka katika ubaridi ambao mafundi wa sola huupenda, kwa sababu paneli hutoa umeme mwingi zaidi zinapokuwa hazijapata joto kali.

Wakulima wa kahawa wa Mbozi hulitumia jua hilo kila mwaka bila kulipia ankara. Msimu wa mavuno ufikapo, kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa huanikwa juu ya vichanja hadi ikauke. Lakini mashine inayomenya kahawa hiyo, na ile inayosaga mahindi ya chakula cha familia hiyo hiyo, pale ambapo umeme wa gridi haujafika au umekatika, huendeshwa kwa dizeli iliyosafirishwa kwa barabara kutoka Bandari ya Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 800.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wataalamu wa nishati wamekuwa wakiliuliza kwa muda mrefu: biashara ya umeme wa jua, kuanzia paneli ndogo juu ya bati la nyumba ya Itaka hadi mashamba makubwa ya paneli, inabadili vipi kiasi cha hewa ya ukaa ambacho nchi itazalisha katika miaka 20 au 40 ijayo?

Jibu la haraka ambalo wauzaji wengi wa sola hulitoa ni kwamba umeme wa jua unapunguza hewa chafu. Jibu hilo si la uongo, ila lina upungufu. Mtu anaposema kitu fulani kinapunguza hewa ya ukaa, swali la kwanza la kumuuliza ni kwamba kinapunguza kutoka katika nini.

Afrika Kusini, kwa mfano, hupata zaidi ya robo tatu ya umeme wake kutokana na makaa ya mawe. Mwenye nyumba wa Johannesburg anayefunga paneli juu ya paa lake, kama walivyofanya maelfu ya watu wakati wa mgawo mkali wa umeme mwaka 2023, anaondoa moja kwa moja sehemu ya makaa ambayo yangechomwa kwa ajili yake. Hesabu yake ni nyepesi na matokeo yake yanaonekana mwaka huo huo.

Tanzania haipo katika hali hiyo. Gridi ya Taifa haina kituo kikubwa cha makaa ya mawe. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China, ulikuwa na mtambo mdogo wa megawati 6 tu. Kwa miaka mingi nchi ilitegemea maji ya Mtera, Kidatu, Kihansi na kwingineko. Kuanzia mwaka 2004, gesi asilia ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme jijini Dar es Salaam, na baada ya bomba la kutoka Mtwara kukamilika mwaka 2015, gesi ikawa chanzo cha zaidi ya nusu ya umeme wote. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa katika gridi Februari 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Maji yakarudi kuwa chanzo kikuu.

Matokeo ya historia hiyo ni kwamba Mtanzania ni miongoni mwa watu wanaochafua anga kidogo zaidi duniani. Hewa ya ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa nchini ilikuwa takribani tani milioni 15 kwa mwaka mwanzoni mwa muongo huu. Kiasi hicho kikigawanywa kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa katika Sensa ya mwaka 2022, kila mmoja anapata karibu robo ya tani. Wastani wa dunia unazidi tani nne na nusu.

Kwa hiyo hakuna moshi mwingi wa kupunguza katika sekta ya umeme. Kilichopo ni moshi ambao bado haujatoka, na huo ndio ambao umeme wa jua unaweza kuuzuia au kushindwa kuuzuia.

Ili kupima jambo hilo ni vyema kuanza na takwimu za Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), ambazo hupima uchafuzi wa kila chanzo tangu kujengwa kwake hadi kubomolewa. Katika tathmini yake ya mwaka 2014, jopo hilo lilionyesha kuwa uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe huambatana na takribani gramu 820 za hewa ya ukaa. Gesi asilia ni gramu 490. Paneli za jua ni kati ya gramu 41 na 48, na maji ni gramu 24.

Takwimu hizo zinajibu pia hoja inayosikika mara kwa mara katika vijiwe vya mijini, kwamba paneli zenyewe hutengenezwa China kwa umeme wa makaa ya mawe na kwa hiyo hazina faida. Ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kazi ya kutengeneza paneli duniani hufanyika China, na ni kweli kwamba viwanda hivyo hutumia umeme wenye moshi. Lakini gramu 41 hadi 48 zilizotajwa tayari zimejumuisha moshi wa kiwandani. Paneli iliyowekwa mahali penye jua la kutosha hulipa deni hilo katika muda wa mwaka mmoja au miwili hivi, kisha huendelea kufanya kazi kwa miaka 25 au zaidi, huku nguvu yake ikipungua taratibu kwa takribani nusu asilimia kwa mwaka.

Turudi Itaka. Tuchukue kaya moja iliyokuwa ikiwasha koroboi na chemli na kutumia lita tatu za mafuta ya taa kwa mwezi. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takribani kilo mbili na nusu za hewa ya ukaa. Kwa mwaka mzima kaya hiyo ingetoa kilo 90 hivi. Ikifunga paneli ndogo na taa tatu, kilo hizo 90 zinaondoka, na pamoja nazo masizi. Utafiti wa wanasayansi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulibaini kuwa asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayoungua katika taa za utambi hugeuka kuwa masizi meusi, ambayo hupasha anga joto kwa nguvu kubwa ingawa hayakai angani kwa muda mrefu. Mama anayepika na mtoto anayesoma karibu na koroboi wanayajua masizi hayo kwa pua zao kabla ya mwanasayansi yeyote kuyapima.

Tanzania ilipiga hatua kubwa katika jambo hilo bila kelele nyingi. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Nia haikuwa mazingira hata kidogo, lakini bei mpya ilizisukuma kaya nyingi za vijijini kwenye tochi na sola. Wakati huo huo bei ya paneli ilikuwa ikiporomoka duniani, ikashuka kwa takribani asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2020, na kampuni zilizoanzia mijini kama Arusha zikabuni utaratibu wa kukopesha vifaa vya sola na kulipwa kidogo kidogo kwa simu ya mkononi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta kaya moja kati ya tatu Tanzania Bara ikiwa na umeme. Kati ya kaya zenye umeme, takribani robo ziliupata kutokana na jua, na kwa vijijini sehemu hiyo ilikaribia theluthi mbili.

Ni mafanikio makubwa kwa maisha ya watu. Kwa hesabu ya hewa ya ukaa ni madogo, na si busara kulificha hilo. Kaya milioni moja zikiacha koroboi, taifa linaokoa tani 90,000 kwa mwaka. Kituo kimoja tu cha makaa ya mawe cha megawati 200, cha ukubwa uliowahi kupangwa kwa Kiwira, kikifanya kazi kwa asilimia 70 ya uwezo wake, kingetoa tani milioni moja kwa mwaka. Kwa maneno mengine, kituo hicho kimoja kingefuta akiba ya kaya milioni 11 zilizoacha mafuta ya taa, katika nchi yenye kaya takribani milioni 14. Na kituo cha makaa hakijengwi kwa ajili ya mwaka mmoja. Kikiwashwa mwaka 2030, wenye mkopo wake watataka kiendelee kuungua hadi wajukuu wa wachimbaji wawe wazee.

Kati ya koroboi na kituo cha makaa ipo ngazi ya katikati ambayo husahaulika, nayo ni injini ya dizeli. Mashine ya kusaga inayotumia lita 10 za dizeli kwa siku, kwa siku 300 za kazi, huchoma lita 3,000 kwa mwaka na kutoa takribani tani 8 za hewa ya ukaa. Mashine moja ni sawa na kaya 90 za koroboi. Ukiongeza injini za kumenya kahawa, pampu za maji na jenereta za maduka, za vyuma vya kuchomelea na za nyumba za wageni katika barabara ya Tunduma, unaona kuwa sola inayolenga kazi za uzalishaji ina uzito mkubwa zaidi katika mizani hiyo kuliko sola ya taa pekee. Bahati mbaya ni kwamba mikopo mingi ya sola imebuniwa kwa ajili ya taa, redio na runinga. Mwenye mashine ya kusaga anahitaji mtaji wa mamilioni ya shilingi kwa mara moja, wakati dizeli anaweza kuinunua kwa dumu.

Lililo zito zaidi lipo katika karatasi za mipango. Mpango Kabambe wa Umeme, toleo la mwaka 2020, ulikadiria kuwa ifikapo mwaka 2044 Tanzania itahitaji uwezo wa takribani megawati 20,200. Katika hizo, gesi ilipangiwa megawati 6,700, maji takribani 5,690, na makaa ya mawe 5,300. Umeme wa jua ulipangiwa megawati 715, na upepo 800.

Megawati 5,300 za makaa, kwa kiwango kile kile cha asilimia 70, zingetoa zaidi ya tani milioni 26 za hewa ya ukaa kila mwaka. Hizo ni nyingi kuliko tani zote ambazo nchi nzima ilizalisha kwa mafuta, gesi na makaa mwanzoni mwa muongo huu, magari, viwanda na ndege vikiwamo. Mipango ya aina hiyo hupitiwa na kurekebishwa kila baada ya miaka michache, na kilichoandikwa si lazima kijengwe. Lakini ndiyo ramani ambayo wakopeshaji na wawekezaji huitazama, na inagongana na ahadi nyingine. Mwaka 2021, chini ya Mkataba wa Paris, Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua zozote.

Wakenya walikwisha kupita katika njia panda hiyo. Mpango wa kujenga kituo cha makaa cha zaidi ya megawati 1,000 huko Lamu ulikwama baada ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira kufuta leseni yake Juni 2019. Desemba mwaka huo huo Kenya ilizindua shamba la paneli la Garissa lenye megawati zipatazo 50. Hata hivyo, si Garissa iliyochukua nafasi ya Lamu. Kenya ilikuwa na jotoardhi ya Olkaria inayofanya kazi usiku na mchana, na bila mvuke huo ingekuwa vigumu kwa umeme wa jua peke yake kulibeba taifa.

Udhaifu wa sola ni usiku. Katika miji ya Tanzania matumizi ya umeme hupanda kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, wakati ambapo paneli zimekwisha kulala. Kuzalisha kiasi cha umeme ambacho megawati moja ya makaa ingezalisha kwa mwaka kunahitaji megawati tatu na nusu au zaidi za paneli, na bado tatizo la saa za usiku linabaki. Betri kubwa zinashuka bei, ila kwa nchi maskini bado ni gharama.

Hapa ndipo Bwawa la Julius Nyerere linapoingia, na ni sehemu ya hesabu ambayo watu wengi huielewa kinyume. Hoja ya kawaida ni kwamba kwa kuwa bwawa limekamilika, sola haina kazi. Hoja hiyo ina msingi kwa leo. Mwaka 2025 uwezo wa mitambo yote nchini ulizidi megawati 4,000 wakati mahitaji ya juu hayajafika 2,000, na Machi 2024 Shirika la Umeme (TANESCO) lililazimika kuzima baadhi ya mitambo ya maji kwa sababu ya ziada. Paneli inayoingiza umeme katika gridi siku ya namna hiyo inachukua nafasi ya maji, na akiba ya hewa ya ukaa inakuwa sifuri.

Lakini maji yana tabia moja ambayo moshi hauna. Yasipopita katika mitambo mchana, hubaki bwawani. Bwawa la Rufiji linaweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Sola ikifanya kazi mchana, maji yanasubiri usiku; sola ikifanya kazi kuanzia Juni hadi Oktoba, maji yanasubiri Novemba kabla mvua hazijakolea. Bwawa linageuka kuwa betri ya taifa, na kinachoachwa kuungua ni gesi ya Kinyerezi na Ubungo. Kwa bahati njema, miezi ya jua kali katika mikoa ya kusini ndiyo miezi ambayo mito yake hupungua. Jua na mvua hupokezana zamu.

Umuhimu wa zamu hiyo unaonekana zaidi mvua zinapogoma. Ukame wa mwaka 2006 ulikausha Mtera, na ule wa mwaka 2011 ukarudia. Mara zote mbili nchi ilikimbilia mitambo ya dharura ya kukodi, mingi ikitumia mafuta, na sakata la Richmond lililofuatia lilimwondoa Waziri Mkuu madarakani Februari 2008. Katika mjadala ule wa fedha na mikataba, moshi wa mitambo yenyewe haukuzungumzwa na mtu. Kila nchi inayotegemea maji hubeba jenereta ya mafuta mfukoni kwa siku za ukame, na hewa ya ukaa ya siku hizo huingia katika hesabu ya muda mrefu kama deni la siri.

Wakazi wa Tunduma wanaweza kulitazama jambo hilo kwa kuvuka mpaka tu. Zambia, inayopata sehemu kubwa mno ya umeme wake katika maji, ilikumbwa na ukame mkali mwaka 2024. Ziwa Kariba lilishuka kiasi kwamba miji ilikaa gizani kwa saa nyingi za siku. Nakonde, mji pacha wa Tunduma, haukuwa na pa kujificha. Jenereta zilinguruma, na waliokuwa na uwezo wakafunga paneli. Juni 2025 Zambia ilizindua shamba la paneli la megawati 100 huko Chisamba, kaskazini mwa Lusaka.

Kwa upande wa Tanzania, hatua kubwa ya kwanza ya aina hiyo ni mradi wa Kishapu mkoani Shinyanga, ambao mkataba wake ulisainiwa mwaka 2023 kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Awamu yake ya kwanza ni megawati 50 kati ya 150. Megawati hizo 50 zinaweza kuzalisha zaidi ya uniti milioni 80 kwa mwaka. Zikichukua nafasi ya gesi, taifa linaokoa takribani tani 35,000 za hewa ya ukaa kila mwaka. Ni kiasi kidogo kikilinganishwa na tani milioni 26 zilizomo katika mpango wa makaa. Thamani kubwa ya Kishapu huenda ikawa mahali pengine: wahandisi wa TANESCO watajifunza kuiendesha gridi yenye chanzo kinachobadilika kila wingu linapopita, na benki zitapata mfano wa bei halisi ya umeme wa jua wa Kitanzania.

Elimu hiyo itahitajika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Serikali imekwisha kutangaza kuwa karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na kazi iliyobaki ni vitongoji, ambavyo vinazidi 64,000. Treni ya umeme imeanza kazi tangu mwaka 2024. Mahitaji yakiongezeka kwa asilimia 10 kila mwaka, huwa maradufu katika miaka saba. Ziada ya leo ina umri mfupi, na uamuzi wa nini kijengwe baada yake hufanywa miaka mitano au kumi kabla.

Kuna eneo moja ambalo sola ya nyumbani haijaligusa kabisa, nalo ni jiko. Sehemu kubwa ya nishati yote itumikayo Tanzania ni kuni na mkaa. Takwimu za Serikali zilizowasilishwa Umoja wa Mataifa zilionyesha kuwa Tanzania Bara ilikuwa ikipoteza hekta 469,420 za misitu kwa mwaka kati ya 2002 na 2013, kwa kilimo, mkaa na sababu nyingine. Hewa ya ukaa inayotoka katika misitu inayoteketea ni nyingi kuliko ile ya mitambo yote ya umeme. Paneli ya wati 50 juu ya paa la Itaka itawasha taa na kuchaji simu, haitaivisha maharage. Yule yule aliyeacha koroboi bado atatuma watoto kutafuta kuni.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mazungumzo mengi yamekuwa juu ya mitungi ya gesi. Lakini sufuria la umeme la mvuke linaweza kuivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na hapo umeme wa jua uliounganishwa na gridi unakutana na msitu kwa mara ya kwanza. Tatizo ni kwamba sola ya nyumba moja moja hupoteza umeme: betri ikijaa saa 6 mchana, kinachozalishwa baadaye hakina pa kwenda. Zipo kanuni za mwaka 2018 zinazomruhusu mwenye paneli kuupeleka umeme wa ziada katika gridi na kupunguziwa ankara. Wanaozitumia si wengi, na kijijini ni nadra kumpata mtu aliyewahi kuzisikia.

Betri nayo ina hesabu yake. Betri za risasi zinazouzwa katika maduka ya Mlowo na Vwawa hudumu miaka mitatu hadi mitano kama zikitunzwa. Ikifa, mwenye nyumba ana njia mbili: kununua nyingine au kurudi alikotoka. Kila kaya inayorudi alikotoka inaondoka katika hesabu ya mafanikio bila mtu kuandika. Paneli bandia, zisizofikisha hata nusu ya wati zilizoandikwa mgongoni, zimefanya kazi hiyo hiyo kwa haraka zaidi. Umeme wa jua unaookoa hewa ya ukaa kwa miaka 25 ni ule wenye fundi, vipuri na mahali pa kupeleka betri chakavu ili risasi yake isiishie kisimani.

Kwa nini mkulima wa Itaka ajali, ikiwa nchi yake inachangia kiasi kidogo hivyo? Sababu mojawapo ipo shambani kwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia kumbukumbu za hali ya hewa za nyanda za juu kaskazini mwa Tanzania, ulionyesha kuwa kila joto la usiku linapopanda kwa nyuzi moja, mavuno ya kahawa aina ya arabika hupungua kwa takribani kilo 137 kwa hekta. Arabika ndiyo kahawa ya Mbozi. Joto hilo halikuletwa na Mbozi, na hata Tanzania yote ikizima mitambo yake kesho halitarudi nyuma. Ila mwenye kahawa inayoathirika ana haki ya kuuliza ni kwa nini mkoa wake uwe chanzo cha tani nyingine milioni moja kwa mwaka.

Wapo watakaojibu kuwa Ileje inahitaji ajira, na jibu hilo halipuuzwi kirahisi. Makaa ya Kabulo na ya Ngaka mkoani Ruvuma yanauzwa kwa viwanda vya saruji, na baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022 makaa ya Tanzania yalipata wanunuzi hadi ng'ambo. Fundi wa sola wa Mlowo anafunga paneli leo na kesho hana kazi. Mchimbaji analipwa kila mwezi. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.3 hauwezi kuambiwa uache hazina yake ardhini kwa sababu ya takwimu za anga pekee.

Yapo mambo mawili ya kuyatazama. La kwanza ni njia kuu ya umeme ya TAZA, ya kilovolti 400, inayotoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, iliyobuniwa kuunganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia. Njia hiyo inaweza kubeba umeme wa aina yoyote: maji ya Rufiji kwenda Lusaka wakati wa ukame, jua la Chisamba kuja Tunduma mchana, au makaa ya Kiwira kwenda kokote yatakapopata mnunuzi. Waya haubagui. La pili ni toleo lijalo la Mpango Kabambe wa Umeme, na hasa mistari miwili ndani yake, ule wa makaa uliokuwa na megawati 5,300 na ule wa jua uliokuwa na 715.